Kilango Kilichofungwa Waya

Nisikilize kwanza, kisha utaniuliza utakavyo. Kama hujui lolote kuhusu injini, usijali. Nami nilianza hivyo hivyo, na hakuna ninachokwenda kukueleza kitakachomshinda mtu aliyewahi kupepea jiko la mkaa. Ila sikiliza kwa sikio hasa, kwa sababu jambo lenyewe lilianza kama mluzi.

Mluzi ule niliusikia nikiwa nimempakata binti yangu, mtoto ambaye shingo ilikuwa bado haijakaza, kwenye kiti cha nyuma cha pikapu ya baba mkwe, tukipanda milima ya Kibakwe. Mimi ni mwalimu wa injini za dizeli katika chuo cha ufundi Dodoma mjini. Nilijua ule mluzi ni wa nini. Waliokuwa mbele yangu, baba mkwe kwenye usukani na mama mkwe kando yake, waliusikia kama watu wanavyosikia upepo.

Nilikuwa Kibakwe kwa ajili ya uzazi. Mama yangu mzazi alishafariki, kwa hiyo nilipojifungua, mama mkwe alisema hataki kusikia habari ya msichana wa kazi. Mkwewe atakwenda kulelewa nyumbani. Akanilea kweli. Uji wa mtama asubuhi, mchuzi wa kuku jioni, na maji ya moto ambayo nikiyakumbuka ngozi bado inasisimka. Likizo ilipokwisha, mume wangu alikuwa kwenye kibarua chake Msalato na hakupewa ruhusa ya kutufuata. Baba mkwe akasema hakuna mjukuu wake atakayepandishwa gari la abiria wakati babu yake ana gari. Atatupeleka mwenyewe, na kwa kuwa gari haliendi tupu, atapakia na magunia ya vitunguu.

Sasa lazima nikueleze jambo la ukwe, maana bila hilo utaniuliza kwa nini sikusema mapema.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Kwetu heshima ya mkwe ipo, lakini katika nyumba ile niliikuta ikiwa nzito zaidi. Sikai kwenye kiti alichokalia baba mkwe. Simtaji jina. Nikimwamkia, napiga goti na kuangalia chini. Kumpinga usoni ni jambo ambalo hata halina adhabu yake, kwa sababu halijawahi kutokea. Lakini watu hawawezi kuishi nyumba moja bila kusemezana, na hapo ndipo mtoto anapoingia. Babu na mjukuu wana utani. Binti yangu, tangu siku aliyozaliwa, ni mke wa babu yake. Basi maneno yote yanapitia kwake. Baba mkwe anasema, "Mke wangu, mwambie mama yako chai hii imepoa mpaka imekuwa maji ya kunawa." Nami namwambia mtoto, "Mwambie mume wako chai haipoi, ni yeye aliyechelewa kwa soga huko nje." Wote tunacheka, chai inapashwa, na hakuna aliyemkosea mwenzake.

Mama mkwe alinifundisha sheria ya njia hiyo mapema. Neno linalopita kwa mtoto hupita mara moja, tena kwa kicheko. Ukilirudia, si la mtoto tena. Limekuwa lako.

Asubuhi ya safari baba mkwe alifungua boneti aongeze maji kwenye rejeta. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na mtoto begani, nikichungulia kwa mazoea ya kazi tu. Nikauona waya. Ulikuwa waya laini ule wanaofungia nondo, umezungushwa na kusokotwa kwa koleo kwenye kifimbo cha turbo. Nikaogopa palepale uani, gari hata halijawashwa.

Nikupe maelezo yenyewe sasa, ili tuogope pamoja.

Injini hula vitu viwili, mafuta na hewa. Mafuta ni rahisi kuongeza. Hewa ndiyo shida, kwa sababu injini huivuta kwa pumzi yake yenyewe, na mlimani, ikiwa na mzigo, pumzi hiyo huwa fupi. Turbo ni msaidizi wa pumzi. Fikiria konokono wawili wa chuma waliopeana migongo, na ndani ya kila mmoja kuna pangaboi dogo. Mapangaboi hayo yameunganishwa na mhimili mmoja. Moshi wa moto unaotoka kwenye injini hupita kwa konokono wa kwanza na kulizungusha pangaboi lake. La pili, kwa kuwa limeunganishwa nalo, huzunguka pia, huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda, chumba ambamo mafuta huungua. Hewa ikiwa nyingi, mafuta zaidi yanaungua, na gari linapata nguvu. Mpaka hapo tuko pamoja? Vizuri sana.

Ona basi hatari yake. Nguvu ikizidi, moshi unazidi. Moshi ukizidi, pangaboi linakimbia zaidi, linaleta hewa zaidi, nayo hewa inaleta nguvu nyingine. Ni mduara usio na mtu wa kusema basi. Ndiyo sababu waliotengeneza kifaa hiki waliweka kilango kidogo ubavuni mwa konokono wa moshi. Kilango kikifunguka, sehemu ya moshi hupita pembeni na kwenda moja kwa moja kwenye ekzosi bila kuligusa pangaboi.

Na nani anakifungua? Kuna kikopo cha bati, kama kopo dogo la nyanya. Ndani yake kuna ngozi ya mpira na springi, na kutoka hapo kinachomoza kifimbo chembamba kilichoshikana na kilango. Mpira mwembamba huleta kwenye kikopo hewa ile ile inayoshindiliwa na turbo. Hewa ikiwa ya kiasi, springi inashinda na kilango kinabaki kimefungwa. Hewa ikizidi, inaishinda springi, inaisukuma ngozi, ngozi inasukuma kifimbo, kilango kinafunguka, na kasi ya pangaboi inatulia. Mafundi wengi hukiita westigeti. Mimi hukiita kilango, na kila niliyemfundisha kwa jina hilo amelielewa.

Springi ikizeeka huwa dhaifu. Inashindwa kabla ya wakati, kilango kinaachama mapema, moshi unapotea, na gari linakosa nguvu mlimani hata bila kosa lolote la dereva. Dawa yake ni kubadilisha kikopo. Lakini madereva wa vilima vile wana dawa yao, waya. Wanakifunga kifimbo kisisogee kabisa, kilango kinabaki kimebanwa daima, na gari linapanda kama mbuzi. Wanasema wameikaza. Ubaya wake ni kwamba inafanya kazi. Kama ingeshindwa siku ya kwanza, mtu angeifungua siku hiyo hiyo. Inafanya kazi msimu mzima, na wa pili, mpaka dereva anaanza kumfundisha jirani yake.

Nikamnong'oneza mama mkwe. "Mama, kile kifimbo cha turbo kimefungwa waya. Gari linaweza kutuharibikia vibaya njiani."

"Una mtoto mbichi mkononi unaniletea mimi habari za vifimbo?" akasema. "Mtume mwenye mume."

Nikamgeuza mtoto uso uelekee kwenye boneti, nikapaza sauti ya utani. "Mwanangu, mwambie mume wako aukate ule waya wa kwenye turbo. Gari limefungwa pua na mdomo, litatushinda huko mbele."

Baba mkwe akacheka akiwa bado ameinama. "Mke wangu, mwambie mama yako huo waya ndio unaofikisha vitunguu vyangu sokoni. Tukiukata, mpandoni atashuka yeye asukume?"

"Atasukumaje na uzazi?" mama mkwe akadakia. "Utashuka wewe na hicho kitambi."

"Hiki si kitambi. Hii ni breki ya akiba."

Boneti likafungwa kwa kishindo. Neno langu lilikuwa limepita mara moja, na lilikuwa limejibiwa.

Usidhani baba mkwe ni mkaidi. Ni mtu mpole kuliko wengi ninaowajua. Aliwahi kumchinjia mgonjwa wa jirani jogoo wake wa mwisho. Alikuwa anajua gari lake kama mtu anavyojua punda wake, kwa tabia zake, na tabia za gari lile tangu waya ufungwe zilikuwa nzuri. Nilichokuwa nacho mimi ni hofu ya kitu ambacho hakijatokea, na kitu hicho hakina ushahidi wa kuonyesha.

Tukaondoka. Mpando wa kwanza gari liliumeza. Baba mkwe akapiga usukani kwa kiganja. "Mke wangu, umeona mumeo?"

Nilichosikia mimi ni mluzi. Kila turbo ina mluzi wake mdogo, kama wa birika linalokaribia kuchemka. Kilango kinapofanya kazi, mluzi hupanda, hufika mahali, hukaa. Huu haukukaa. Ulipanda pamoja na mlima na ukaendelea kupanda, mpaka ukawa mwembamba kama sindano, halafu ukashuka tu pale baba mkwe alipoinua mguu. Nikajikuta napumua kwa kuufuata. Ukipanda nabana pumzi, ukishuka naachia. Nilijaribu kumnyonyesha mtoto, akakataa. Alishika titi, akaliachia, akaniangalia. Watoto huonja hofu kabla ya maziwa.

Ndipo nikapata neno jingine, maana lile la waya lilikuwa limekwisha. Hili lilikuwa la mtoto kweli. "Mwanangu, mwambie mume wako aende polepole, mke wake anataka kunyonya na gari likiruka anapaliwa."

"Ah, kwa hilo!" Akapunguza mara moja. Gari likaenda mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Mluzi ukalala. Ukiielewa injini utaona kwa nini: mguu mwepesi, mafuta kidogo, moshi kidogo, pangaboi halina haraka. Hata kilango kikiwa kimefungwa, hakuna cha kukifungulia. Mtoto akanyonya. Nikaanza kujiambia kwamba tukienda hivi hivi mpaka tushuke Gulwe, tuvuke reli, tufike Mpwapwa, pengine huko nitapata namna ya kumfikishia neno kupitia mtu mwingine, fundi fulani, mwanamume wa rika lake.

Nyuma yetu likatokea lori la mbuzi. Likapiga honi, likapiga tena, kisha likatupita mahali ambapo hapafai kupitana. Utingo wake, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, alikuwa amening'inia mlangoni.

"Mzee! Hilo gari au jeneza?" akapiga kelele. "Kama mnazika, semeni tuvue kofia!"

"Nakuja kukuzika wewe!" baba mkwe akajibu kupitia dirishani, na hapo hapo nikaona bega lake la kulia likishuka, mguu ukikandamiza mafuta.

Mbele yetu ulikuwa mpando mrefu kuliko yote tuliyopita, upande wa kulia ukuta wa mlima, upande wa kushoto korongo lenye miti ya miiba ambayo vilele vyake vilikuwa chini ya magurudumu yetu. Mluzi ukaamka. Nikasema moyoni, inua mguu, baba, inua mguu. Hakuinua. Lori lilikuwa palepale mbele, mbuzi wanatutazama. Mluzi ukafika pale pa sindano, ukapita, ukaingia mahali ambapo sijawahi kuusikia isipokuwa mara moja, karakana ya chuo, siku kipande cha chuma kilipotoka kwenye turbo mbovu na kutoboa bati la ukuta. Siku ile hapakuwa na mtu upande ule. Nikamkunja mtoto ndani ya khanga, nikageuzia mgongo upande wa mbele wa gari, kana kwamba mgongo wangu ni chuma.

Kisha mluzi ukakatika.

Mama mkwe akasema, "Afadhali, kimya." Nami nikajua si afadhali. Nyuma yetu barabara ilikuwa imepotea ndani ya moshi mweupe wenye rangi ya bluu, mzito kama pamba, unaonuka oili. Na gari, badala ya kudhoofika, likaongeza mwendo.

"Mguu wangu hauko kwenye mafuta," baba mkwe akasema. Alisema polepole, kama mtu anayeripoti jambo la kijiji kingine. Kisha kwa sauti nyingine, "Mama, mguu wangu hauko kwenye mafuta!"

Akakanyaga klachi na breki. Gari likasimama palepale mpandoni, lakini injini, sasa haina mzigo, ikapiga ukelele. Sijui nikuelezeje ukelele ule. Gari zima lilikuwa linatetemeka, kioo kinagonga, mtoto amefungua mdomo analia nami sisikii sauti yake. Baba mkwe akazungusha ufunguo kuzima. Injini haikujali. Akauchomoa kabisa, akauinua juu tuuone.

"Nimeutoa! Ufunguo huu hapa! Huu hapa!"

Injini iliendelea kupanda. Mama mkwe alikuwa anamwita Yesu na kupapasa kitasa cha mlango, na upande wa mlango ule ulikuwa upande wa korongo. Baba mkwe naye akashika kitasa chake. Nikaona anachotaka kufanya, ashuke akafungue boneti. Nikaona na kitakachofuata. Mguu ungetoka kwenye breki, gari lingerudi nyuma na mimi na mtoto ndani. Na hata kama lisingerudi, angesimama uso kwa uso na lile pangaboi wakati linapopasuka.

Sikumtafuta mtoto wa kumtuma.

"Usishuke!" nilipiga kelele. "Wewe, kaa! Kaa hapo hapo! Kanyaga breki kwa nguvu zako zote! Vuta na ya mkono! Vuta!"

Akavuta.

"Weka gia ya tano! Sio ya kwanza, ya tano! Ya tano nimesema! Usiachie breki! Sasa achia klachi. Iachie! Achia!"

Akaachia. Gari likajirusha mbele kama ng'ombe aliyepigwa shoka, likatetemeka mara moja, mifupa yake yote ikagongana, na injini ikafa.

Nilimsikia mtoto. Nilimsikia analia, na baada yake nikasikia upepo, na mbuzi mahali fulani juu ya mlima.

Niseme kilichofanyika hapo, ili usikibebe kama muujiza. Injini inapokimbia yenyewe, huwezi kuizima kwa ufunguo, kwa sababu haili tena mafuta yanayotoka kwenye tangi. Lakini bado ni mashine, na mashine ikilazimishwa kusukuma mzigo unaoizidi, inasimama. Gia kubwa kabisa na breki zote, hiyo ni mizigo miwili. Injini inataka kuzungusha magurudumu kwa gia isiyokuwa na nguvu, magurudumu yamekataa, na mmoja lazima ashindwe. Breki zikiwa nzima na ukifanya mapema, anashindwa injini.

Tuliweka mawe nyuma ya magurudumu. Mama mkwe alinichukua mkono, akanipeleka mbali na gari, akaniketisha chini ya ukuta wa mlima. Mikono yangu haikuweza kumshika mtoto, ilikuwa inacheza yenyewe, akamchukua yeye. Na hapo, wakati hatari imekwisha, hofu ya pili ikanishika kuliko ya kwanza. Nilikuwa nimemwita baba mkwe wewe. Nilikuwa nimempigia kelele mbele ya mkewe.

Alikuwa amesimama karibu na gari, mgongo kwetu, ufunguo bado mkononi. Kisha akaja, akamchukua mtoto kutoka kwa mkewe, akamtazama.

"Mke wangu," akasema. "Mama yako amenipigia kelele."

Nilitazama chini.

"Amekupigia ukiwa hai, ukasikia," mama mkwe akamjibu. "Ulitaka akupigie lini? Kwenye matanga?"

"Sijasema ni vibaya. Nimesema amenipigia." Akamweka mtoto begani. "Mke wangu, muulize mama yako, gari gani hili linakataa kufa na ufunguo ninao mkononi?"

Njia ilikuwa imefunguliwa tena. Nikamgeukia mtoto. Nikamwambia kwamba ule mhimili wa turbo unazunguka ndani ya oili ya injini, na mipakani mwake kuna vizuizi vya kuzuia oili isivuke. Kilango kikiwa kimefungwa waya, pangaboi halina wa kulituliza. Linakimbia mpaka mhimili unaanza kuyumba, na vizuizi vinakatika. Oili inavuka, inaingia kwenye njia ya hewa, inaingia kwenye silinda. Na injini ya dizeli haihitaji cheche. Inachoma chochote chenye mafuta kinachoingia na hewa. "Kwa hiyo mwambie mume wako gari lilikuwa linakula oili yake lenyewe. Ndiyo maana ufunguo haukuwa na kazi. Lingekula mpaka liishe, au lipasuke."

Akauliza, bado akimwangalia mtoto, "Na kilango kingekuwa wazi?"

"Moshi uliozidi ungepita pembeni. Pangaboi lisingefika huko."

"Kama lambo," akasema.

Sikumwelewa, mama mkwe akaelewa. "La mwaka ule baada ya ukame."

"Lile. Lilikuwa na mfereji pembeni, wa kutolea maji yakizidi. Watu wakasema maji ya ng'ombe yanapotea bure, wakauziba kwa mawe na udongo. Lambo likajaa kuliko miaka yote. Tulifurahi. Mvua ya mwisho ikaja, tuta lote likaondoka, na maji ya mwanzo pia." Akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwa nawacheka."

Miaka yote nimetafuta mfano wa kuwapa wanafunzi, na sijapata ulio bora kuliko huo. Nautumia mpaka leo.

Alirudi kwenye gari peke yake. Nikataka kusema bado ni la moto, lakini aliligusa boneti kwa mgongo wa mkono kwanza, akasubiri, akasubiri tena, ndipo akafungua. Nikasikia koleo likikata. Alikuja na vipande vya waya kiganjani, akavitupa korongoni.

Tulikaa pale mpaka gari la watu wa Mpwapwa lilipokubali kutuvuta. Wakati tukisubiri alikuja kuketi, si karibu sana, kwa umbali ambao mkwe anaweza kuketi. Na kwa mara ya kwanza tangu niolewe alinisemesha bila kumpitia mtu.

"Mwanangu, bado unatetemeka?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi," akasema. Akanyoosha mkono wake nione. Ulikuwa unatetemeka kweli.

Halafu akasema jambo ambalo ndilo limenifanya nikusimulie haya yote. "Kule nyumbani tumekaza wengi. Wengine wanapakia watu juu ya magunia. Nikiwaambia gari lilikimbia lenyewe watasema mzee amezeeka mguu. Nipe maneno nitakayowaambia wafanye kwa mikono yao wenyewe, wasihitaji kuniamini."

Nikampa. Aliyarudia mpaka yakamkaa, na najua aliyafikisha, kwa sababu msimu uliofuata wapo walionipigia simu kuuliza kikopo kipya kinapatikana wapi. Wengine hawakupiga. Hao nawaza habari zao kila ninaposikia mluzi unaopanda bila kukaa, hata nikiwa mjini, hata gari likiwa la mtu nisiyemjua; mgongo wangu hujikunja wenyewe kabla sijafikiri.

Kwa hiyo yachukue na wewe, ni maneno yale yale. Gari la dizeli lenye turbo likiwa limezimwa na limepoa kabisa, fungua boneti. Tafuta ule mpira mwembamba unaotoka kwenye turbo, ufuate kwa kidole mpaka kwenye kikopo, na kutoka kwenye kikopo fuata kifimbo. Kama kuna waya, kamba au kitu chochote kilichokibana, kikate. Kisha shika kifimbo kwa koleo, kisukume polepole kuelekea kwenye kilango: kinatakiwa kisogee kidogo na kurudi chenyewe. Kisiposogea, au kikisogea kisirudi, usipakie mzigo wala mtu; lipeleke kwa fundi abadilishe kikopo kwanza.